Filamu ya tsunami isifiche saa zilizopotea

JICHO LA SINEMA
Na Rehema Mbwana

Filamu ya The Impossible (2012), iliyoongozwa na J. A. Bayona, inatokana na mkasa wa kweli wa familia ya Kihispania iliyokumbwa na tsunami ya Desemba 26, 2004 ikiwa likizoni Khao Lak, Thailand. Wimbi linawatawanya, wanatafutana miongoni mwa majeruhi na maiti, na mwishowe wote watano wanaonana wakiwa hai. Naomi Watts na Tom Holland wameigiza vizuri mno. Kasoro ya filamu hii ni kwamba inayageuza maafa kuwa kudra tupu: mwenye bahati apone, asiye nayo afe. Historia inakataa. Baada ya tetemeko la ardhi kutikisa kisiwa cha Sumatra, Indonesia, wimbi lilichukua karibu saa mbili kufika Thailand na takriban saba kufika Somalia, ambako bado liliua mamia. Muda ulikuwepo. Uliokosekana ni mfumo wa tahadhari, ambao Bahari ya Pasifiki ilikuwa nao miaka mingi.

Wapo watakaosema kwamba Aceh, kaskazini mwa Sumatra, palipokufa watu wengi zaidi, hapakuwa na muda wa kupiga king'ora. Ni kweli, lakini kisiwa cha Simeulue kilikuwa karibu zaidi na chanzo cha tetemeko, na wimbi likakifikia kwa dakika chache tu. Kati ya wakazi wake zaidi ya 70,000, waliokufa hawakufika 10. Tangu tsunami ya 1907, wazee wa huko walikuwa wakiwahadithia watoto kwamba ardhi ikitikisika sana na bahari ikapwa ghafla, watu wakimbilie mlimani. Wengine watasema sinema ni sanaa, si darasa. Basi watazame Bølgen, filamu ya Norway ya mwaka 2015: king'ora kinalia, wakazi wa kijiji cha Geiranger wana dakika 10 za kulikimbia wimbi, na hizo dakika ndizo zinazomkaba mtazamaji roho. Tahadhari haikuiharibu hadithi, ndiyo iliyoijenga.

Wimbi lile la 2004 liliua hata Tanzania na Kenya, kwa hiyo habari hii inatuhusu. Watengenezaji filamu wa pwani yetu, tuonyesheni familia inayopona kwa sababu ilijua la kufanya. Nawe msomaji, wafundishe wanao leo: bahari ikipwa ghafla pasipo wakati wake, msiifuate kuokota samaki. Kimbilieni mwinuko.