Unene usiwe kisingizio cha kupuuza maumivu ya hedhi

Msomaji, kuna swali ambalo kina mama huliuliza mara nyingi: Je, unene ndio unaoleta endometriosisi? Jibu langu ni la hasha. Tena naona kwamba wazo hilo, likiachwa lienee, litawaumiza wagonjwa wengi kuliko unene wenyewe.

Kwanza tuuelewe ugonjwa. Ndani ya nyumba ya uzazi mna utando ambao hukua kila mwezi, kisha ukatoka kwa njia ya hedhi. Kwa mwanamke mwenye endometriosisi, utando unaofanana na huo huota mahali pasipo pake: kwenye ovari, kwenye mirija ya uzazi, kando ya matumbo au kibofu. Kila mwezi nao huvimba na kuvuja damu, lakini damu hiyo haina pa kutokea. Matokeo yake ni uchungu, makovu na viungo kugandana. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa mwanamke 1 kati ya kila 10 wa umri wa kuzaa ana ugonjwa huu, yaani wanawake wapatao milioni 190 ulimwenguni.

Utando huo hustawishwa na homoni ya estrojeni, na mafuta ya mwilini nayo hutengeneza estrojeni. Hapo ndipo watu hukata shauri upesi: mafuta mengi, estrojeni nyingi, basi ugonjwa mwingi. Hesabu hiyo yapendeza masikioni, lakini wataalamu walipoipima walikuta mambo kinyume.

Nchini Marekani, wauguzi wa kike zaidi ya 116,000 walianza kufuatiliwa mwaka wa 1989. Matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha kuwa waliogunduliwa kuwa na endometriosisi walikuwa wengi zaidi miongoni mwa wembamba kuliko miongoni mwa wanene. Hata hivyo, mwanamke mnene asishangilie. Uchunguzi uliofanywa Australia na kuchapishwa 2018 ulionyesha kuwa wanene wanaopatwa na ugonjwa huu huenda wakawa nao katika hatua mbaya zaidi.

Yamkini sababu ni kadhaa. Mwanamke mnene sana aghalabu hukosa hedhi miezi mingine. Pia huenda ni ugonjwa wenyewe unaokondesha: mwaka wa 2016, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kuwa panya waliopandikizwa ugonjwa huu walipungua uzani, na kazi ya maini yao ikabadilika. Lakini kuna sababu nyingine ambayo yanihuzunisha. Kwa miaka mingi ugonjwa huu ulithibitishwa kwa upasuaji wa kuingiza kamera tumboni, na madaktari wengi husita kumpasua mtu mnene. Asiyechunguzwa hawezi kuhesabiwa miongoni mwa wagonjwa, ingawa anaumia.

Chukua mfano wa Matsangoni, kule Kilifi, kando ya barabara kuu iendayo Malindi. Msichana mwembamba akijikunja kwa uchungu kila mwezi, wazee watasema ni chango, atapona akiolewa na kuzaa. Shangazi yake mnene akilalamikia uchungu uo huo, ataambiwa apunguze mwili, aache mahamri na viazi karai. Mmoja alaumiwa kwa ujana wake, mwingine kwa kiuno chake, na wote wawili warudi nyumbani bila kupimwa. Nawe unayesoma gazeti hili Mombasa au Nairobi, usidhani hayo ni ya mashambani tu. Maneno kama hayo husemwa pia katika kliniki zenye viyoyozi.

Isitoshe, watu huanza hesabu mwisho wakaja mwanzo. Sindano ya miezi mitatu, ambayo wengi huijua kama dawa ya kupanga uzazi, hutumiwa pia kutuliza endometriosisi. Baadhi ya wanawake hunenepa wakiitumia. Wengine tumbo huwajaa kwa sababu ya ugonjwa wenyewe, hata majirani wakanong'ona kuwa ni mimba. Mtu akiona unene umekuja pamoja na maumivu, husema unene ndio chanzo, kumbe umeletwa na tiba, au si unene kabisa.

Udaktari umewahi kujikwaa hivi. Zamani ilifundishwa kuwa endometriosisi ni maradhi ya wanawake wa kizungu, wembamba na wenye uwezo, wanaochelewa kuzaa. Mwaka wa 1976, daktari Donald Chatman wa Chicago alionyesha kuwa wanawake weusi wengi walioambiwa wana maambukizo ya nyonga walikuwa, kwa hakika, na endometriosisi. Hawakuwa wamegunduliwa kwa vile hawakufanana na picha iliyokuwa vitabuni. Sasa tusichore picha nyingine, safari hii ya mwanamke mnene.

Hapa kwetu tuna mfano wa marehemu Njambi Koikai, mtangazaji aliyejulikana sana kama Jahmby, aliyefariki Juni 2024. Alieleza hadharani jinsi maumivu yalivyomwanza angali msichana mdogo, na jinsi ugonjwa ulivyopanda hadi kwenye mapafu, akalazimika kutafuta matibabu Marekani. Hakuna aliyeweza kusema kuwa kisa chake ni unene.

Basi tufanye nini? Kwanza, wauguzi wa zahanati na vituo vya afya wafunzwe kuuliza maswali machache kabla ya kumtazama mgonjwa umbo. Je, uchungu wa hedhi hukuzuia kwenda shule au kazini? Je, waumia wakati wa tendo la ndoa, au ukienda haja siku za hedhi? Je, umetafuta mtoto mwaka mzima bila kupata? Je, hukosa pumzi au kuumwa na kifua hedhi inapokuja? Anayejibu ndiyo aandikiwe barua ya kumwona daktari wa magonjwa ya wanawake, awe na kilo 45 au 105.

Pili, tiba isingoje kisu. Mwongozo wa madaktari wa Ulaya wa mwaka wa 2022 wakubali matibabu yaanze kabla ya upasuaji wa kuthibitisha. Dawa za kuanzia, yaani za kutuliza maumivu na zile za kupanga uzazi, si ngeni katika vituo vyetu. Ila anayetafuta mimba aseme mapema, kwani dawa hizo za homoni huizuia. Na mwenye shinikizo la damu apimwe kwanza, maana si kila kidonge chamfaa.

Sisemi unene si kitu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2014 ulionyesha kuwa thuluthi moja ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzani uliozidi kiasi. Unene huo huchangia kisukari, shinikizo la damu na saratani ya utando wa nyumba ya uzazi. Kupunguza mwili ni jambo jema, na daktari akikushauri, msikilize. Lakini ushauri huo uandamane na tiba ya maumivu. Usitangulizwe kama sharti. Hatumwambii mwenye jino bovu akakonde kwanza ndipo ang'olewe.

Dada, ukiambiwa ni unene tu, uliza umepimwa nini. Usiporidhika, tafuta daktari mwingine. Nawe mzazi, binti yako mwembamba akikosa shule kila mwezi, usimwambie atazoea. Mficha uchi hazai, na katika maradhi haya msemo huo ni kweli tupu.