MASHINE INAYOCHUJA WAOMBAJI WA KAZI

Ndugu Wafanya Kazi,

Sisi wafanya kazi wa reli twataka kusema waziwazi juu ya jambo ambalo wengi wenu mnalinong'ona tu katika karakana na katika kota. Ni jambo la kutafuta kazi kwa mashine, yaani kompyuta na simu zenye ile inayoitwa akili bandia.

Wako watakaouliza: Chama cha watu walio na kazi kina shauri gani na watu wanaotafuta kazi? Jibu letu ni fupi. Reli yetu ya zamani ilikodishwa kwa kampuni ya watu binafsi mwaka 2006. Mwaka 2017 mkataba ule ulivunjwa, na mwaka huo huo treni mpya ya Mombasa na Nairobi ikaanza kwenda. Katika mageuzi hayo wako wenzetu walioachishwa, wakalazimika kuandika barua za kuomba kazi kama vijana waliotoka shule jana. Aliye kazini leo ni mwombaji wa kesho. Tena tuna watoto nyumbani ambao hawajaandikwa kazi popote. Jambo hili ni letu.

Hatusemi kwamba zamani palikuwa pazuri. Tulisimama langoni tangu alfajiri, barua mkononi. Karani alitaka chai, na mnyapara alitazama kwanza jina lako ni la kabila gani. Lakini angalau ulimwona mtu aliyekukataa. Ulijua uso wake, na chama kikitaka kumwuliza, kilijua mahali pa kwenda.

Siku hizi matajiri wengi, hasa wenye makampuni makubwa, hupokea maombi kwa kompyuta. Ndani ya kompyuta mna programu ya kuchuja. Hamna uchawi ndani yake. Tajiri huiambia maneno anayoyataka: kazi fulani, cheti fulani, miaka kadha wa kadha. Programu husoma barua zote, hutafuta maneno hayo, hutoa alama, kisha hupanga watu kama mtihani ulivyopangwa shuleni. Ikiwa barua ni 1,000 na tajiri ataka kuonana na watu 20, basi 980 zaweza kuzikwa pasipo jicho la mtu kuziona.

Sasa mtazameni fita wetu. Cheti chake chasema fita. Tangazo lasema teknishani wa mabehewa. Mtu wa karakana ajua ya kuwa kazi ni ile ile, spana ni ile ile, na grisi ya mikononi ni ile ile. Lakini programu iliyofungwa kwa neno moja tu haijui. Miaka 12 ya kazi njema yaweza kutupwa kwa sababu ya neno moja, naye fita hataambiwa neno hilo ni lipi. Atapata jibu kwamba tunasikitika kukujulisha, au hatapata jibu kabisa.

Basi waombaji nao wameanza kutumia mashine. Mwaka 2022, mwezi wa Novemba, kampuni ya OpenAI ya Marekani ilitoa ChatGPT, na baada yake zikaja nyingine za namna hiyo. Mtu huieleza kazi alizofanya, nayo humwandikia barua ya Kiingereza safi kwa dakika moja. Hapo ndipo makelele yalipoanza. Wako wakubwa wa ofisi wanaosema kwamba mfanya kazi anayetumia mashine kuandika barua ni mvivu tena mdanganyifu.

Sisi tunawajibu hivi. Baba zetu wengi hawakujua kuandika Kiingereza. Walikwenda kwa mwandishi mwenye taipu aliyekaa karibu na posta, wakamlipa, wakamwambia habari zao, naye akaziandika kwa lugha ya serikali. Hakuna aliyewaita wadanganyifu. Kazi iliyoombwa ilikuwa ya kufunga reli, si ya kutunga barua. Tena tajiri anayesema hivyo, yeye mwenyewe hasomi barua zetu. Amempa mashine azisome. Yawezekanaje iwe busara mashine kusoma, na iwe dhambi mashine kuandika? Sheria inayombana mtu mmoja na kumwacha mwingine si sheria, ni dharau.

Lakini hapo hapo twasema na ninyi, ndugu. Kuandikiwa barua ni jambo moja, kuandikiwa uongo ni jambo jingine. Mashine hizi hupenda kupamba. Ukiiambia umefanya kazi ya kuoshea mabehewa, yaweza kuandika kwamba ulisimamia idara. Nyingine hutunga hata cheti ambacho hukupata. Ukiweka jina lako chini ya karatasi hiyo, uongo ni wako, si wa mashine. Na sisi watu wa reli tunajua gharama ya uongo wa namna hiyo. Mtu asiyejua breki akiandikwa kazi ya breki, si tajiri atakayekufa. Watakufa abiria na dereva na wenzetu walio njiani. Chama hakitamtetea mtu aliyesema anajua ishara za njia, kumbe hazijui.

Kuna wengine tena wasemao: Afadhali mashine, maana mashine haina kabila, haina shemeji, wala haitaki chai. Neno hili linawavuta wengi wetu kwa sababu tumechoka na upendeleo, nasi hatuwacheki. Lakini sikilizeni mambo yaliyotokea kwingine.

Kampuni ya Amazon ilianza mwaka 2014 kutengeneza mashine ya kuchagua wafanya kazi. Iliifundisha kwa barua za maombi ya miaka 10 iliyopita, na nyingi katika hizo zilikuwa za wanaume. Mashine ikajifunza ya kuwa mwanamume ndiye afaaye. Barua yenye neno la kuonyesha mambo ya wanawake, kama timu ya wanawake, ilipunguziwa alama. Mwisho kampuni iliiacha mashine hiyo, na habari zake zikatoka magazetini mwaka 2018. Mashine haikuzaliwa na ubaya. Ilisoma daftari la zamani na kulifuata. Sasa fikirini daftari la zamani la Kenya. Mashine ikifundishwa kwa orodha ya watu walioandikwa kwa kabila, kwa shule na kwa chai, itajifunza nini? Itarudia yale yale kwa haraka zaidi, na safari hii tutaambiwa kwamba ni hesabu.

Kuna na hili. Katika Marekani kampuni ya kufundisha kwa kompyuta, iTutorGroup, ilishtakiwa ya kwamba mwaka 2020 programu yake iliwakataa yenyewe wanawake wa miaka 55 na zaidi na wanaume wa miaka 60 na zaidi. Watu zaidi ya 200 walikataliwa. Jambo lilifichuka kwa sababu mwombaji mmoja alipeleka maombi mara mbili, kila kitu sawasawa isipokuwa mwaka wa kuzaliwa. Alipojifanya kijana akaitwa. Mwaka 2023 kampuni ilikubali kulipa dola 365,000 ili shauri limalizike. Ninyi mlio na mvi, mliozeeka na reli, oneni hapo. Mashine haina shemeji, lakini aliyeiandikia amri ni mtu.

Tena tuulize: Ni nani aliyeifundisha mashine hii adabu? Mwezi wa Januari 2023 gazeti la TIME la Marekani lilieleza habari za vijana wa Nairobi waliofanyia OpenAI kazi kupitia kampuni iitwayo Sama. Walisoma maandishi ya mauaji na ya kunajisi watoto, wakayatia alama ili mashine ijue mabaya ni yapi. Walipata kati ya dola 1.32 na dola 2 hivi kwa saa. Yaani mashine inayosifiwa duniani kwa lugha yake nzuri ilisafishwa kwa macho ya watoto wetu kwa ujira mdogo. Lakini vijana wa kazi za namna hiyo hawakulala. Tarehe 1 Mei 2023, zaidi ya watu 150 walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Hao ni ndugu zetu, ingawa mikono yao haina grisi.

Wazee wetu walijua kitu kiitwacho kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya kwanza. Mwafrika mwanamume alikibeba pamoja na alama za vidole vyake, na ndani yake tajiri aliandika siku aliyomwandika kazi, siku aliyomwacha, na mshahara wake. Watu walikipigania kwa miaka mingi mpaka mwaka 1947 sheria ikabadilishwa. Sasa angalieni. Kipande kilikuwa shingoni pako, na mwenye kujua kusoma aliweza kukisomea. Daftari la leo liko katika kompyuta ya mtu mwingine, huenda iko nje ya Kenya, na wewe mwenyewe huruhusiwi kulisoma. Hatusemi mambo haya mawili ni sawa. Twasema kwamba mfanya kazi kuhukumiwa kwa maandishi asiyoyaona ni jambo tulilokwisha kulikataa.

Wala hatuko mikono mitupu. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa katika mambo ya kazi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, yakataza ubaguzi, tena si kwa aliye kazini tu, hata kwa yule anayeomba kazi. Na Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 35, yasema mtu ana haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika jambo linalomgusa sana. Pale mashine inaporuhusiwa kuamua, mtu hana budi kuarifiwa kwa maandishi, naye aweza kutaka shauri lake litazamwe tena pasipo kuachiwa mashine peke yake. Lakini jihadharini: sheria hiyo yaruhusu mashine iamue ikiwa umekubali wewe mwenyewe. Ndiyo maana kuna kile kisanduku kidogo cha kutiwa alama mwisho wa fomu. Mtu mwenye njaa hutia alama bila kusoma. Ridhaa ya mwenye njaa ni ridhaa gani?

Basi tunashauri mambo haya.

Kwanza, tumieni mashine kama mwandishi wa barua, si kama bwana. Iambieni kweli tupu. Ikimaliza, someni barua kwa sauti, na kila neno ambalo huwezi kulieleza mbele ya tajiri, lifute.

Pili, tazameni maneno ya tangazo. Ikiwa kazi yako ya kweli ina jina jipya, liandike jina hilo kando ya lile la zamani. Hilo si uongo, ni kutafsiri. Andikeni kwa mistari ya kawaida, pasipo picha wala visanduku, maana programu nyingine huchanganyikiwa navyo.

Tatu, msiipe mashine namba ya kitambulisho, wala ya benki, wala ya kodi. Barua ya kuomba kazi haihitaji vitu hivyo.

Nne, wekeni nakala ya kila ombi na kila jibu, pamoja na tarehe na saa. Mkikataliwa, andikeni mwulize: Je, ni mtu aliyeamua, au ni mashine? Leteni jibu katika tawi. Barua moja ni manung'uniko. Barua 50 ni ushahidi.

Na kwa matajiri tunadai haya, nasi twataka yaandikwe katika mapatano yetu ya pamoja. Tangazo la kazi liseme waziwazi kama mashine itachuja. Asikataliwe mtu pasipo mtu kusoma barua yake. Anayekataliwa aambiwe sababu. Sauti na nyuso zetu zisipimwe na mashine. Kampuni ya HireVue ya Marekani yenyewe ilitangaza mwaka 2021 kwamba imeacha kupima nyuso za waombaji. Na programu yoyote ikaguliwe kabla ya kutumiwa. Jambo hili si ndoto: mji wa New York ulianza kulisimamia kwa sheria mwezi wa Julai 2023, na sheria ya nchi za Umoja wa Ulaya ya 2024 imeweka mashine za kuchagua wafanya kazi katika fungu la vitu vya hatari kubwa. Ikiwa mfanya kazi wa huko alindwa, wa Makadara na wa Changamwe ana kosa gani?

Watu wa Mombasa waligoma mwezi wa Januari 1947, wa bandarini pamoja na wa reli, na wengi wao hawakujua kusoma. Hawakungoja kuelewa kila hesabu ya tajiri ndipo wadai haki yao. Sisi tumesoma kidogo kuliko wenye kompyuta, lakini tunajua uzani ukiwa umeharibiwa. Asiyekuwapo na lake halipo. Mkutano wa tawi ukiitwa, njoni na barua zenu mkononi, zile mlizojibiwa na zile mlizonyamaziwa. Njoni pia na watoto wenu waliomaliza shule.

Umoja ni nguvu.

Sisi wenzenu wa karakana