Klabu ni Mali ya Nani?

Tarehe 27 Agosti 2019, katika mji wa Bury, kaskazini mwa Uingereza, mamia ya watu walifika katika uwanja wa Gigg Lane wakiwa na mifagio. Wakitumaini kwamba mnunuzi angepatikana, walisafisha viti mchana kutwa. Usiku huohuo klabu yao, iliyoanzishwa mwaka 1885 na kutwaa Kombe la FA mara mbili, ilifukuzwa katika ligi ya kulipwa.

Twajiuliza, ndugu wapendwa: klabu ile ilikuwa mali ya nani? Sheria hujibu upesi: ya mwenye hisa, naye aliinunua kwa pauni moja tu. Sisi jibu hilo halituridhishi. Wachezaji na watumishi walikaa miezi kadhaa bila ujira, na mwenye mfagio hakuulizwa neno.

Mashabiki wengine waliunda timu mpya; wengine walibaki kuukomboa uwanja. Walivutana sana, tusifiche. Kura ya kuungana ilikwama mwaka 2022. Mwaka 2023 ilipita, na mpira ukarudi Gigg Lane, katika ngazi ya tisa.