Sahani ya Mwanamichezo wa Kiti cha Magurudumu



Wiki hii twaingia jikoni kwa ajili ya mtoto ambaye aghalabu hupakuliwa chakula kwa huruma badala ya hesabu: kijana atumiaye kiti cha magurudumu, naye ameanza kushiriki michezo. Mama mmoja humzidishia mahamri na viazi karai kwa kuwa "maskini, hana raha nyingine." Mwingine humpunguzia kwa kuwa "yeye amekaa tu, kazi gani afanyayo?" Wote wawili wana nia njema, na wote wawili humdhuru.

Tutazame mfano wa karibu. Asiya Mohammed Sururu, binti wa Mombasa, alipoteza miguu yote miwili katika ajali ya treni akiwa na umri wa miaka miwili. Alicheza tenisi ya kiti cha magurudumu, kisha akaingia katika makasia, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kufuzu kwa mchezo huo katika Paralimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021. Katika daraja lake mshindani huvuta makasia kwa mikono na mabega pekee, masafa ya mita 2,000. Aliyeitazama kazi hiyo hatasema tena kwamba aliyekaa amepumzika.

Hata hivyo, ni lazima tutofautishe mwili na mwili. Aliyekatwa miguu, aliyepooza kwa polio na aliyeumia uti wa mgongo wote waweza kukaa katika kiti cha aina moja, lakini mahitaji yao si mamoja. Misuli hula nguvu za mwili, hata mtu akiwa amelala. Misuli ya miguu ikipooza, husinyaa, na matumizi ya mwili hupungua. Kwa sababu hiyo wataalamu wa lishe hukadiria kwamba mtu mzima aliyepooza miguu kwa jeraha la uti wa mgongo, naye hafanyi mazoezi, huhitaji takriban kalori 28 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Aliyepooza mikono na miguu, takriban 23. Mwenye kilo 50 aliyepooza miguu atahitaji basi kalori 1,400 hivi. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori karibu 120. Vijiko viwili vya ziada, vilivyonyweka ndani ya mahamri bila mtu kuviona, vimekwisha kuchukua zaidi ya sehemu moja ya sita ya haki yake ya siku nzima.

Unene kwake una gharama kubwa kuliko kwa wengine. Mabega yake ndiyo miguu yake. Kila kilo inayozidi huisukuma kwa mikono, na kila ahamapo kutoka kitini kwenda kitandani huinyanyua. Bega likiharibika, amepoteza michezo na pia uwezo wa kujihudumia.

Lakini hesabu hiyo ni ya asiyefanya mazoezi. Siku ya mazoezi sahani ibadilike. Misuli ya mikono ni midogo kuliko ya mapaja, akiba yake ya wanga ni ndogo pia, nayo huisha upesi. Tena hapa Marereni, ukiacha lami ya barabara ya Malindi na Garsen, magurudumu huzama mchangani, na kufika uwanjani kwenyewe ni zoezi. Kwa hiyo saa mbili au tatu kabla ya mazoezi apewe chakula chepesi chenye wanga: muhogo au viazi vitamu vya kuchemsha, uji wa mtama, au wali kidogo. Mazoezi yakizidi saa moja, ndizi au tende chache humrudishia nguvu. Baada yake ale mlo kamili mapema. Asingoje hadi usiku.

Protini hujenga misuli, na kwa huyu hufanya kazi nyingine kubwa: kuilinda na kuiponya ngozi inayokandamizwa na kiti. Vidonda vya kukaa huanza kama wekundu au weusi mdogo usioumiza, kwa kuwa mahali pale hapana hisia, navyo vyaweza kufika mfupani. Mwanamichezo huhitaji kati ya gramu 1.2 na 2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa mwenye kilo 50 ni gramu 60 hadi 100. Hilo halidai unga wa makopo. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha kunde zilizopikwa kina gramu 13, na kipande cha samaki cha gramu 100 kina takriban gramu 20. Samaki wa kuchoma au wa mchuzi, kunde au mbaazi, na yai asubuhi, humsaidia kufika. Tui la nazi liwepo, lakini liwe jepesi.

Mifupa ya miguu isiyobeba uzito hupoteza madini na huvunjika kwa urahisi. Maziwa na dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao husaidia. Vitamini D hutokana hasa na jua, na binti mwenye kujisitiri aweza kulipata uani mwa nyumba yake, penye faragha, bila kuvunja stara. Binti huyu pia huhitaji madini ya chuma: maini, dagaa, mchicha na kunde, pamoja na ndimu au chungwa. Chai isiandamane na mlo, kwani huzuia chuma kufyonzwa. Hedhi yake ikikatika baada ya kuzidisha mazoezi, mama asifurahi kuwa amepungukiwa na usumbufu. Huenda ni dalili kwamba anakula kidogo kuliko anavyotumia, naye apelekwe kwa daktari.

Tumefika kwenye maji, na hapa ndipo hatari ilipo. Vijana wengi wa viti hujinyima maji kwa makusudi, kwa sababu choo cha shuleni au uwanjani hakiingiliki. Mlango ni mwembamba, au pana ngazi. Anayejinyima hivyo hujiletea maambukizi ya njia ya mkojo, mawe ya figo, na choo kigumu. Mkojo uwe na rangi ya manjano hafifu. Ukikoza, maji yamepungua. Mboga na matunda viongezwe taratibu pamoja na maji, maana nyuzinyuzi bila maji huzidisha kufunga choo. Kwa hiyo kabla ya kuchangia jezi za timu, jamaa wa mtaa wachange mbao na saruji za kutengeneza njia ya choo. Hilo nalo ni lishe.

Joto letu lina hukumu yake pia. Aliyeumia uti wa mgongo hatoki jasho ipasavyo chini ya jeraha. Na jeraha likiwa juu, kifuani au shingoni, mwili hushindwa kujipoza. Afanye mazoezi baada ya alfajiri au jua likishapoa alasiri, akae kivulini anapopumzika, na apanguswe kwa kitambaa chenye maji usoni na shingoni. Mji wetu wajua chumvi kuliko miji mingi, na wengine hudhani chumvi ni dawa ya joto. Ni kweli kwamba atokaye jasho jingi hupoteza chumvi. Asiyetoka jasho hapotezi, na kumwongezea ni kumpandisha shinikizo la damu bure. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku.

Na Ramadhani? Dini yetu imempa ruhusa mgonjwa na msafiri, na ruhusa hiyo si aibu. Mwenye matatizo ya figo au kibofu amwulize daktari kwanza, kisha amwendee mwanachuoni akiwa na jibu la daktari mkononi. Atakayefunga asiache daku, agawanye maji yake tangu futari hadi alfajiri, na mazoezi mazito ayapeleke usiku.

Enyi mama zetu na dada zetu, tusimwonyeshe mtoto huyu mapenzi kwa kumjazia sahani, wala tusimpunje kwa kudhani hana kazi. Tumwulize kila asubuhi swali tunalowauliza wavuvi na vibarua wa chumvi: leo kazi ni ipi? Kisha tupakue kwa kadiri ya jibu lake. Kumwuliza hivyo ni kumheshimu, na heshima hiyo ataenda nayo uwanjani.