Si mawazo tu, tukapimeni



Huku kwetu Igurwa, Karagwe, mwanamke akishika tumbo na kusema linawaka moto, jibu huwa tayari: "Mawazo hayo, mama." Anakunywa maziwa, ananunua vidonge viwili dukani, anarudi shambani. Miaka inapita. Ramadhani ikifika anafunga kwa mateso, na akila mchana anasemwa.

Sisi tunasema imetosha. Vidonda vingi vya tumbo huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Madaktari wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walimgundua mwaka 1982. Wengi hawakuamini, hadi Marshall akawanywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984 na tumbo lake likavimba kwa ndani. Mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobel. Na sisi bado tunaambiwa ni mawazo!

Wengi humpata utotoni, kwa mate, au kwa maji na mikono iliyogusa kinyesi. Kumtafunia mtoto ndizi kabla ya kumlisha nako humpitisha. Hatuwalaumu mama zetu, walitulea kwa mapenzi. Ila sisi tumponde mtoto ndizi kwa kijiko. Walio wengi huishi naye bila dalili. Baadhi hupata vidonda, na wachache saratani ya tumbo.

Basi dada, ukienda kituo cha afya omba kipimo cha kinyesi. Kipimo cha damu huweza kuonyesha ugonjwa uliokwisha kupona. Ukikutwa naye, utapewa antibiotiki zaidi ya moja pamoja na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14. Usiache siku ya tano kwa kuwa maumivu yamepoa. Anayebaki hurudi sugu. Rudi kupima angalau wiki nne baada ya dozi. Ukiona choo cheusi kama lami au ukatapika damu, hospitali siku hiyo hiyo.

Mtume wetu (SAW) alituhimiza kutafuta tiba, na mgonjwa ameruhusiwa kula akalipa siku nyingine. Subira ni ibada, lakini kunyamaza na ugonjwa wenye dawa si subira. Tukapimeni, na tuwaache wanaosema waseme.