Waulizeni Wajuao Wangali Hai

Tuna tabia moja iliyotukosesha elimu nyingi. Mtaalamu akitutembelea tunampigia makofi, tunapiga naye picha, kisha tunamwacha aende zake. Mwenyekiti akisema, "Kuna swali?" ukumbi mzima kimya, na vijana wanainamisha vichwa kwa kuogopa kuchekwa. Tabia hii tuiache, tena upesi.

Kumbukeni habari ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mkoani Tanga, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari na kuyaacha yapoe, ndipo yaingie kwenye friji. Siku hiyo nafasi ilikuwa haba, naye kwa kuhofia kuikosa akaingiza yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu yalikuwa yameganda, na ya mwenzake, ambaye hakuyachemsha kabisa, yalikuwa bado uji mzito. Alipomwuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa.

Baadaye, Mpemba akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alikuja Dk. Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia katika chuo kikuu Dar es Salaam. Mpemba akauliza: kwa nini maji ya nyuzi 100 yakiwekwa kwenye friji pamoja na maji ya nyuzi 35 ya kiasi kilekile, ya moto hutangulia kuganda? Wenzake wakacheka. Osborne alimwuliza kama ana hakika, akakiri kwamba jibu hana, akaahidi kulijaribu jambo hilo. Lilijaribiwa kweli, na mwaka 1969 makala yao wawili ikachapishwa katika jarida la ufundishaji wa fizikia la Uingereza. Wanasayansi wangali wanabishana juu ya jambo hilo, ila dunia nzima inaliita kwa jina la Mpemba. Na yote hayo kwa swali moja fupi!

Historia nayo ni vivyo hivyo. Kwa miaka mingi habari za Vita vya Maji Maji, vya 1905 hadi 1907, zilitegemea sana maandishi ya Wajerumani, yaani ya wale waliovizima. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo hichohicho cha Dar es Salaam walikwenda vijijini wakakaa na wazee, wakawahoji juu ya dawa ya maji, pamba ya kulazimishwa na ukali wa maakida. Mzee aliyekuwa na miaka 12 vita vilipoanza alikuwa ametimiza 75. Wangechelewa miaka 20 tu, wangehoji makaburi.

Leo simu iliyo mfukoni mwa kijana inarekodi sauti. Basi udhuru uko wapi? Dakika kumi za mahojiano zatosha, mradi muulizaji amejiandaa. Ukimwambia mtaalamu wa mambo ya kale, "Tueleze historia ya Kilwa," umeomba hotuba, na utapewa hotuba. Mwulize: jumba la Husuni Kubwa lilijengwa lini, nanyi mmejuaje? Hapo atakutolea vigae vya vyombo vya China na sarafu za shaba zenye majina ya masultani, akuonyeshe jinsi ushahidi unavyopimwa. Swali hilo la "mmejuaje" lisikosekane kamwe, maana ndilo linalotenganisha elimu na uvumi.

Wako watakaosema hii ni elimu ya juu juu. Mahojiano hayachukui nafasi ya kitabu, nakubali. Lakini wengi hufungua kitabu baada ya kusikia mtu hai akilizungumzia jambo kwa mapenzi.

Wazazi, msiwanyamazishe watoto wanaouliza. Walimu, mwalikeni darasani bwana shamba, mkunga, fundi wa majahazi. Si lazima awe profesa. Nanyi wataalamu, mkiulizwa msilolijua, semeni hamlijui, kisha mkalitafute. Na wewe msomaji, wiki hii mtafute mjuzi mmoja wa mtaani kwako, mwulize swali moja, rekodi jibu lake, andika jina lake na tarehe, uihifadhi rekodi hiyo.