Mbwa wa ulinzi: kabla hujatuma fedha, pita kituoni

Jamaa wa Maskati na Dubai wenye watu wao huku Afrika Kusini hunipigia simu na suali lile lile: nyumba imeshapatikana Pinetown, ukuta upo, sasa mbwa wa ulinzi anunuliwe wapi? Mimi naishi hapa, na jawabu langu ni moja: msinunue. Mwenye haja ya mbwa akamchukue kituoni.

Khofu yao naielewa. Pinetown ipo karibu kabisa na Durban, na fujo za KwaZulu-Natal za Julai 2021 zilifika mpaka huku. Mtu aliyeona maduka yanaporwa mchana kweupe hawezi kulaumiwa akiona geti peke yake halitoshi.

Lakini mwaka 2022 ulitupa somo jengine. Baada ya watoto kuuawa na mbwa aina ya pit bull, ombi la kutaka wapigwe marufuku lilikusanya saini zaidi ya 100,000. Wenye mbwa wakaingiwa na woga, wengine wakawapeleka SPCA wenyewe. Yaani mbwa kanunuliwa kwa fedha nyingi, kisha kawa mzigo wa kituo kinachotegemea michango.

Huku kwetu kituo ni Kloof and Highway SPCA. Kwa utaratibu wa SPCA, hukabidhiwi mbwa hivi hivi tu: nyumba yako inakaguliwa kwanza, na mbwa anahasiwa na kuchanjwa. Chanjo si jambo la mzaha. Kichaa cha mbwa kipo KwaZulu-Natal miaka mingi, na sheria inalazimisha mbwa na paka wachanjwe. Dalili zikishamtokea mtu, dawa hakuna.

Wapo wanaosema, "Mbwa wa kituoni hujui katoka wapi." Sawa, na huyo wa kwenye tangazo unamjua? Kituoni kuna watu wanaomlisha na kumtazama kila siku. Watakwambia kama hapatani na watoto. Muuzaji anachotaka ni aondoke leo.

Halafu lipo la dini. Katika hadithi sahihi imekatazwa thamani ya mbwa, na kwa Mashafi biashara yake haisihi, ingawa Mahanafi wameiruhusu. Ruhusa ya kufuga imekuja kwa uwindaji, mifugo na shamba, na wanavyuoni wa Kishafi wamekisia humo ulinzi wa nyumba. Ada ya kituo kwa ajili ya chanjo na matunzo naiona mbali na bei ya mbwa, lakini hilo muulizeni shekhe wenu. Na kama haja yenyewe ni mtoto kaona video ya kijibwa kwenye simu, hapo hata cha kituoni kiacheni.

Nyinyi mlioko Emirati mnazijua kanuni: sheria ya 2016 inataka leseni, chanjo na kamba. Msiwaachie wenenu wa Pinetown wafanye huku msiyoyathubutu huko.

Kwa hiyo ami au shangazi akiomba fedha za mbwa, muulizeni kwanza: nani atamlisha na kumtembeza kila siku, atalala wapi, na watoto wa jirani wanapita wapi? Akikosa jawabu, fedha hizo atengeneze geti.